Seli T Zinavyochakaa Ndani ya Saratani

Mwaka 1968, katika mji wa Seattle, mtu na mkewe waliotoka Sweden, Karl Erik na Ingegerd Hellström, walichapisha matokeo yaliyowakosesha usingizi watafiti wa saratani kwa miaka mingi. Walitoa chembe nyeupe za damu kwa wagonjwa wa saratani, wakaziweka kwenye sahani ya maabara pamoja na seli za uvimbe wa wagonjwa haohao. Mle sahanini chembe nyeupe ziliwadhibiti maadui zao, seli za saratani zikashindwa kukua. Lakini katika miili ya wagonjwa wale uvimbe ulizidi kukua kila siku. Kinga iliyoimudu kazi ugenini ilishindwa kazi ileile nyumbani.

Kwa muda mrefu jibu lililotolewa lilikuwa kwamba saratani hujificha, kinga haiioni. Lina ukweli ndani yake, kwa sababu baadhi ya seli za saratani kweli hufuta alama zinazozitambulisha. Lakini daktari wa patholojia anayekata kipande cha uvimbe na kukitazama kwa hadubini mara nyingi hukuta seli za kinga zimo humohumo, zimejipenyeza katikati ya seli za saratani, zimegusana nazo ubavu kwa ubavu. Zimeona. Zimefika. Hazifanyi kitu. Ninachotaka kukionyesha katika makala haya ni kwamba kuona huko kusikokoma ndiko kunakozimaliza, na kwamba kumalizika kwake kuna hatua zake na kalenda yake. Kalenda hiyo inatuhusu sana sisi ambao wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Tuanze na seli yenyewe. Seli T huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, kisha husafiri hadi kwenye tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, thaimasi, ili kupevuka. Herufi T inatokana na jina la tezi hiyo. Hadi mwaka 1961 wengi waliamini kwamba tezi hii haina kazi ya maana. Ndipo Jacques Miller, aliyekuwa London wakati huo, akaonyesha kwamba panya anayeondolewa thaimasi mara tu azaliwapo hukua bila kinga na hufa kwa maradhi madogomadogo. Kila seli T ina kipokezi chake, tofauti na cha jirani yake, na kwa kipokezi hicho hupapasa nyuso za seli nyingine moja baada ya moja. Nazo seli za mwili hutandaza nje vipande vya protini zinazotengenezwa ndani, kama mwenye genge anavyopanga mafungu mbele ya kibanda ili apitaye ajue kilichopo. Seli iliyoingiliwa na virusi itakuwa na fungu la virusi. Seli ya saratani, kwa kuwa jeni zake zimeharibika, itakuwa na fungu ambalo halijapata kuonekana mwilini. Seli T inayolitambua fungu hilo hugawanyika hadi kufikia maelfu. Zile za aina ya CD8 huitoboa seli husika na kuingiza ndani yake vimeng'enya vinavyoilazimisha ijiue. Zile za CD4 huziratibu nyingine na kuzipa nguvu.

Kwamba kazi hii ni kubwa, sisi wa Afrika Mashariki hatukuhitaji panya wa maabara kutuonyesha. Virusi vya Ukimwi hushambulia seli T za CD4, na katika miaka ambayo dawa za kufubaza hazikuwa zimefika, wodi zetu zilijaa vijana wenye madoa meusi na mavimbe ya saratani ya Kaposi, ugonjwa ambao kabla ya hapo haukuenea kiasi hicho, na mara nyingi ulikwenda polepole. Dawa zilipofika na seli T zikapanda, kuna wagonjwa ambao madoa yao yalififia bila kupewa tiba nyingine yoyote. Hali ni hiyo pia kwa saratani ya mlango wa kizazi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kwa mwanamke mwenye kinga timamu, safari ya kutoka kwenye seli zilizobadilika hadi saratani kamili huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, mathalani mwenye VVU asiyetumia dawa, safari hiyohiyo huweza kuchukua miaka 5 hadi 10. Hatari ya kuipata saratani hiyo kwa wanawake wenye VVU ni mara sita ya wenzao. Miaka kumi iliyo kati ya kalenda hizo mbili ni kazi ya seli T. Ndiyo kazi ambayo hakuna anayeiona inapofanyika.

Kwa upande mwingine, mwaka 2006 kundi la watafiti wa Paris likiongozwa na Jérôme Galon lilichunguza vipande vya saratani ya utumbo mpana vilivyotolewa kwa upasuaji. Liligundua kwamba wingi wa seli T ndani ya uvimbe, na mahali zilipojipanga, ulitabiri uhai wa mgonjwa vizuri kuliko hatua za ugonjwa zilizozoeleka kutumiwa na madaktari. Kwa hiyo swali la akina Hellström linarudi kwa uzito zaidi. Kama seli hizi zina nguvu ya kuchelewesha saratani kwa miaka, na kama kuwemo kwake ni ishara njema, kwa nini hatimaye hushindwa?

Jibu halikutoka kwenye saratani. Lilitoka kwa panya walioambukizwa virusi visivyotoka mwilini. Mwaka 1993 watafiti wa Zürich walieleza jinsi panya aliyepewa kiasi kikubwa cha virusi hivyo alivyopoteza seli T zote zilizokuwa zikivitambua. Miaka mitano baadaye, mwaka 1998, maabara ya Rafi Ahmed katika Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, ilionyesha jambo la ajabu zaidi: mara nyingine seli hizo hazipotei. Zipo, zimeamka, zinavitambua virusi, ila hazina tena uwezo wa kufanya chochote.

Wanasayansi waliita hali hii uchovu, na jina hilo limeenea. Kwa Kiswahili naona halitoshi. Mchovu hulala akaamka mzima. Mkulima aliyechoka jioni huenda shamba alfajiri. Kinachozipata seli T hakiondoki kwa kupumzishwa, angalau kikishafika mbali. Neno letu la kuchakaa ndilo linalokaribia: nguo iliyochakaa haiponi kwa kukunjwa kabatini. Nitalitumia hilo.

Kuchakaa huku kuna mpangilio. Kwanza seli hupoteza uwezo wa kutengeneza interlukini-2, kichocheo kinachozifanya seli T ziongezeke. Halafu hupungua uwezo wenyewe wa kugawanyika. Hufuata kichocheo kiitwacho TNF, na baadaye sana interferoni gama. Uwezo wa kuua nao hufifia. Mwisho wa njia ni kufa. Ukiutazama mpangilio huo utaona kwamba miongoni mwa vinavyotangulia kwenda ni kizazi. Kwa muda fulani seli bado inaweza kupambana na adui aliye mbele yake, lakini haiwezi tena kuzaa wa kuishika nafasi yake. Jeshi lisiloandikisha vijana huonekana kamili kwenye gwaride hadi siku wazee wanapostaafu kwa pamoja.

Sambamba na hasara hizo, uso wa seli hujaa breki. Inayojulikana zaidi ni PD-1, iliyogunduliwa mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo huko Kyoto. Zipo na nyingine, LAG-3, TIM-3, TIGIT. Breki si ugonjwa. Kila seli T inayoamka huvaa PD-1 kwa muda ili isipitilize, na adui akishaondoka huivua. Katika saratani adui haondoki, na breki haivuliwi. Tena kuna mtego mchungu hapa. Seli T inapotoa interferoni gama ili kupambana, interferoni hiyohiyo huzifanya seli za saratani zioteshe PD-L1, ambayo ndiyo mguu unaokanyaga breki ya PD-1. Silaha yenyewe huita kinachoizima. Uvimbe haukuhitaji kubuni ujanja mpya. Umeshika mpini uliowekwa na mwili kwa ajili ya usalama wake.

Kwa nini mwili uweke mpini wa namna hiyo? Hapa inafaa kwenda taratibu, maana ni rahisi kuona kuchakaa kuwa ni kosa tupu la maumbile. Mwaka 2019 maabara kadhaa, kila moja kivyake, ziliitambua protini iitwayo TOX kuwa ndiyo msimamizi mkuu wa mabadiliko haya. Seli T inapochochewa bila kupumzika, TOX hupanda na kuupanga upya mfumo mzima wa jeni zinazosomwa na zisizosomwa. Watafiti wakajiuliza: tukiondoa TOX, je, seli zitabaki imara? Waliiondoa kwenye seli T za panya. Breki nyingi hazikuota, ndiyo. Lakini seli zenyewe hazikudumu, zilikwisha. Maana yake ni nzito. Kuchakaa ni namna ya kuendelea kuishi mahali ambapo mwito wa vita haunyamazi. Ni mapatano: seli inaacha ukali wake, nayo inaachwa iishi, na mwili hauunguzwi na moto wa kinga yake. Anayetaka kujua moto huo ukoje awaulize madaktari wanaotumia dawa za kuondoa breki. Baadhi ya wagonjwa hupata uvimbe wa utumbo na kuharisha kukali, wengine tezi ya shingo huharibika, na kwa wachache misuli ya moyo hushambuliwa na seli T zao wenyewe. Breki iliwekwa kwa sababu.

Hadi hapa nimezungumzia uchocheaji usiokoma peke yake. Lakini seli T ndani ya uvimbe hupigwa pia na mazingira, na mazingira hayo ni mabaya kuliko ya kiungo chochote chenye afya.

Uvimbe unaokua haraka huizidi mishipa yake ya damu. Mishipa mipya inayoota ni dhaifu, imepindapinda, inavuja. Sehemu za ndani hukosa oksijeni. Seli za saratani nazo, kama alivyoeleza Mjerumani Otto Warburg tangu miaka ya 1920, hula sukari kwa wingi na kuitoa kama asidi ya laktiki hata pale oksijeni ilipo. Basi seli T iliyofika humo hukuta chakula kidogo, hewa kidogo na maji machungu ya asidi, nayo wakati wa kupigana ndipo inapohitaji sukari nyingi kuliko wakati wowote. Mwaka 2015 tafiti mbili zilionyesha kwamba uhaba wa sukari ndani ya uvimbe huzinyima seli T nguvu ya kutengeneza interferoni. Ilionekana kisa kimekwisha: saratani inakula, kinga inalala njaa. Kisha mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt wakapima ni seli gani hasa inachukua sukari ndani ya uvimbe, na wakakuta kwamba walaji wakubwa, seli kwa seli, ni chembe nyingine za kinga za ukoo wa myeloidi. Seli za saratani zilishika zaidi kirutubisho kingine, glutamini. Nalitaja hili kwa makusudi. Njaa ya seli T ipo, lakini anayekula chakula chake ni pamoja na ndugu zake, na anayetaka kuitibu lazima ajue hivyo.

Kuna na chumvi. Katikati ya uvimbe seli nyingi hufa kwa kukosa hewa, na zikifa hupasuka na kumwaga potasiamu iliyokuwa ndani yake. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walionyesha kwamba potasiamu hiyo, ikijikusanya kupita kiasi cha damuni, huzima kazi ya seli T. Kifo cha seli za saratani zenyewe huilinda saratani inayobaki.

Lakini hasara iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya mitokondria, viwanda vidogo vya nishati vilivyomo ndani ya kila seli. Katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, maabara ya Greg Delgoffe iligundua mwaka 2016 kwamba seli T zinazoingia kwenye uvimbe hupoteza mitokondria zao hatua kwa hatua. Miaka mitano baadaye maabara hiyo ikaonyesha kwamba uhaba wa oksijeni ukiambatana na uchocheaji usiokoma unatosha kuichakaza seli T. Kila kimoja peke yake kina madhara madogo zaidi. Mwaka huohuo wa 2021, watafiti wa Boston walipiga picha seli za saratani zikinyoosha nyuzi nyembamba mno hadi kwenye seli za kinga na kuvuta mitokondria kupitia nyuzi hizo. Mwaka 2025 Wajapani wa Okayama walionyesha mwendo wa upande wa pili: seli za saratani hupeleka mitokondria zao mbovu, zenye hitilafu za kijeni, ndani ya seli T zilizomo kwenye uvimbe, na seli T zikizipokea hudhoofika na kuzeeka mapema. Kwa hiyo mitokondria nzima zinatoka, na mbovu zinaingia. Seli iliyofika ikiwa na nguvu zake zote huporwa huku inaona.

Wapo na wasaliti wa ndani, ingawa neno usaliti si la haki kwao. Seli T za udhibiti, ambazo Mjapani Shimon Sakaguchi alizitambulisha mwaka 1995 na kwa kazi hiyo akawa miongoni mwa waliopewa Nobel ya mwaka 2025, zina wajibu wa kuizuia kinga isiushambulie mwili. Uvimbe huziita kwa wingi. Zikifika hufanya kazi zilizoumbiwa, yaani kutuliza, na hutuliza wasiotakiwa kutulizwa. Nazo seli za saratani kadhaa hujifunza kutopanga mafungu nje ya kibanda kabisa. Hupoteza protini inayoshikilia vipande hivyo, na seli T hata ikiwa nzima hupita bila kuona kitu.

Madhara hayaishii kwenye uvimbe. Katika saratani kali ya ubongo iitwayo glioblastoma, madaktari walijua tangu zamani kwamba wagonjwa huwa na seli T chache sana damuni, wengine wakiwa na idadi ya CD4 inayofanana na ya mgonjwa wa Ukimwi, hata kabla ya kupewa dawa au mionzi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walizipata zilikokwenda. Zilikuwa zimefungiwa kwenye uboho wa mifupa. Seli T zilikuwa zimepoteza kipokezi kinachoziongoza kutoka humo na kuingia damuni. Uvimbe ulio ndani ya fuvu umefunga lango lililo kwenye nyonga na mapaja. Ukilifahamu hilo, utaacha kuiona saratani kama kidonda cha mahali pamoja.

Sasa tuje kwenye dawa, kwa sababu hapo ndipo nadharia hii ilipopimwa kwa watu. James Allison alionyesha mwaka 1996 kwamba kingamwili inayofunika breki nyingine, CTLA-4, huwaponya panya uvimbe. Dawa ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Za kufunika PD-1 zikafuata mwaka 2014. Allison na Honjo walishiriki Nobel ya mwaka 2018. Agosti 2015, Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, akiwa na miaka 90, alitangaza kwamba melanoma imemfika kwenye ini na ubongo. Alifanyiwa upasuaji na mionzi, akapewa pia pembrolizumabu, dawa inayofunika PD-1. Desemba mwaka huo alisema vipimo havionyeshi tena saratani. Alifariki Desemba 2024, akiwa na miaka 100. Alitibiwa Emory, chuo kilekile ambako Ahmed na wenzake, mwaka 2006, walikuwa wameonyesha kwa panya wenye virusi kwamba kufunika PD-1 hurudisha uhai kwa seli zilizochakaa.

Ni habari ya kutia moyo, na ingekuwa dhambi kuipuuza. Lakini wagonjwa wengi wanaopewa dawa hizi hawapati matokeo kama ya Carter, na sababu mojawapo imejulikana. Mwaka 2016 maabara ya Ahmed ilionyesha kwamba seli zinazoamka baada ya dawa si zile zilizochakaa hadi mwisho. Ni kundi dogo lililobaki nyuma, lenye protini iitwayo TCF-1, ambalo bado lina uwezo wa kuzaa. Dawa haimfufui mzee. Inamwita kijana aliyesalia kijijini. Asiposalia kijana, hakuna wa kuitwa. Mwaka huohuo tafiti nyingine zilionyesha kwamba hata seli zinazoamka hazirudi kuwa kama zamani, kwa sababu mpangilio wa jeni zake hubaki na kovu. Kovu hilo limeonekana hata kwa watu. Wagonjwa wa homa ya ini C siku hizi huponywa kabisa kwa vidonge vya wiki chache. Lakini seli T zao zilizopigana na virusi hivyo kwa miaka, zilipochunguzwa baada ya virusi kutoweka, bado zilibeba alama za kuchakaa. Adui ameondoka, na askari hawajapona.

Ndipo tunapofika kwenye kalenda. Katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, Andrea Schietinger, Mary Philip na wenzao walifuatilia seli T za panya wenye saratani ya ini tangu siku zinapokutana na uvimbe. Matokeo yao ya mwaka 2017 yalionyesha hatua mbili zilizotengana. Katika hatua ya kwanza seli zimeshadhoofika, lakini ukizitoa na kuzishughulikia zinarudi. Kisha linakuja wimbi la pili la mabadiliko kwenye kromatini, ule mfungo wa DNA unaoamua jeni ipi isomeke. Baada ya wimbi hilo mlango umefungwa. Hata zikihamishwa kwenda kwa panya asiye na uvimbe wowote, hazirudi. Kwa panya haya yote yalikuwa yamekamilika ndani ya wiki chache. Hakuna awezaye kuchukua wiki za panya akazigeuza moja kwa moja kuwa miezi ya binadamu, lakini mwelekeo uko wazi: kuna wakati ambapo kudhoofika kunarekebishika, na kuna wakati ambapo hakurekebishiki.

Ushahidi mwingine umetoka kwa wagonjwa wenyewe. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani kwa watu 313 wenye melanoma inayoweza kupasuliwa. Wote walipangiwa pembrolizumabu, dozi 18. Tofauti ilikuwa moja tu: kundi moja lilipasuliwa kwanza na kupewa dozi zote baadaye, jingine likapewa dozi 3 kabla ya kisu na 15 baada yake. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi au kuwazidi walikuwa asilimia 72 katika kundi lililoanza na dawa, na asilimia 49 katika kundi lililoanza na kisu. Dawa ni ileile na idadi ni ileile. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba uvimbe ukiwa bado mwilini, seli T zinazoutambua zipo na zinaweza kuamshwa zikazaliana. Ukiutoa kwanza, unawatupa askari pamoja na adui kwenye ndoo moja. Mpangilio wa siku, pasipo kuongeza hata chupa moja ya dawa, uliwapunguzia watu hatari ya ugonjwa kurudi au kuwazidi.

Niliposoma takwimu hizo nilifikiria foleni ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambako wagonjwa wengi hufika wakati ugonjwa umeshaingia hatua ya tatu au ya nne. Tumezoea kueleza ubaya wa kuchelewa kwa lugha ya ukubwa: uvimbe umekuwa mkubwa, umesambaa, kisu hakiwezi. Ni kweli, lakini ni nusu ya hasara. Nusu ya pili haionekani kwenye picha ya eksirei. Katika miezi ambayo mama anazungushwa, anapewa dawa za maambukizi kwa kutokwa damu ambako hakujachunguzwa, anauza mbuzi ili apate nauli, huenda seli T zake zinavuka kutoka hatua ya kwanza ya kuchakaa kwenda ya pili. Anapofika, huenda amepoteza pia sehemu ya uwezo wa mwili wake kusaidiana na dawa yoyote atakayopewa.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza pembrolizumabu katika orodha ya dawa muhimu, na saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa ni mojawapo ya magonjwa yaliyotajwa. Ni hatua ya haki. Lakini bei yake ingali mbali na uwezo wa familia ya kawaida ya Mtanzania au Mkenya, na hata siku itakapoteremka, itakuwa dawa inayotegemea kilichosalia ndani ya mgonjwa. Nchi itakayonunua dawa ya kuondoa breki bila kurekebisha njia inayomfikisha mgonjwa kwa daktari itakuwa imenunua ghali kitu kitakachofanya kazi nusu. Hilo ndilo hitimisho langu kuhusu sera, na sioni namna ya kulilainisha.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, vita hivi vinaweza visianze kabisa. Uchunguzi kwa siki hufanyika katika vituo vya afya, muuguzi huona jibu lake ndani ya dakika chache, na seli zilizobadilika zikionekana hutibiwa kabla hazijawa saratani. Chanjo ya virusi vya HPV vinavyosababisha saratani hiyo, iliyoanza kutolewa nchini Tanzania mwaka 2018, sasa ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Huujaza mwili kingamwili zinazokizuia kirusi mlangoni, kabla hakijaingia kwenye seli hata moja. Mzazi mwenye binti wa umri huo, muulize mwalimu wake au mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu kama amekwisha kuchanjwa. Nawe mama uliyevuka miaka 30, au wa umri wowote unayeishi na VVU, nenda kapimwe mwezi huu.